Taa ya Nyuma ni ya Nani?



Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo mara ya kwanza laweza kuonekana dogo, wala halistahili kuandikwa katika gazeti la kanisa. Nalo ni jambo la kuendesha baiskeli wakati wa machweo na usiku. Wengi wetu twaenda kwa baiskeli. Twaenda nayo shambani, sokoni na kanisani, na wako miongoni mwetu wanaopakia matenga ya machungwa hata baiskeli yenyewe isionekane. Lakini ni wachache waliokwisha kujiuliza kama taa ya baiskeli ni jambo la haki na dhambi, au ni jambo la duka la vipuri tu. Mimi mwenyewe sikujiuliza mpaka mwaka juzi.

Nitasimulia kwanza yaliyotokea, kisha tuulizane.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Halmashauri ya parokia ilikutana saa 9 alasiri kupanga ujio wa Askofu kwa ajili ya Kipaimara. Mimi nilikuwa katibu. Mambo makubwa tuliyamaliza upesi: mafundisho ya watoto, nyimbo, na mahali atakapolala Askofu. Kisha tukafika kwenye viti. Je, tukodi viti 100 au 150? Tulibishana juu ya viti kwa zaidi ya saa nzima. Ilipofika saa 12, Mwalimu wa mtaa wetu mmoja ulio mbali, mzee aliyepita miaka sitini, alinyosha mkono akaomba ruhusa ya kuondoka. Safari yake ilikuwa ya kilometa 7, na 4 kati ya hizo ni barabara kuu ya lami. Nikamwambia, "Mwalimu, tuvumilie kidogo, tunakaribia kumaliza." Akakaa. Tulimaliza saa 12 na dakika 40, jua limekwisha kuzama.

Nilimsindikiza mpaka nje. Akafunga Biblia na daftari lake kwenye keria kwa mpira, akavaa koti lake jeusi kwa sababu ya baridi. Dinamo ya baiskeli yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Kioo chekundu cha nyuma kilikuwapo, lakini kilikuwa kimefunikwa na vumbi na tope lililokauka. Nilikiona. Tena tochi yangu ilikuwa mkononi. Nyumba yangu iko hatua mia mbili tu kutoka kanisani, na njia ile naijua hata nikifumba macho. Nikasema, "Safari njema, Mwalimu." Akajibu, "Amina, mwanangu. Ubaki na amani." Akapanda, akaenda. Nami nikawasha tochi yangu, nikaenda zangu nyumbani.

Kwenye barabara kuu gari dogo la mizigo lilitokea nyuma yake. Wakati ule ule lori lilikuwa likija kutoka mbele, limewasha taa zote kali. Dereva wa gari dogo alipofushwa na taa za lori, akasogea kushoto ili alipishe. Pale aliposogea ndipo alipokuwa Mwalimu.

Mungu alimhifadhi, hakufa. Alivunjika mfupa wa paja na bega. Dereva hakukimbia, alimpakia mwenyewe akamfikisha hospitali. Siku ya tatu nilikwenda kumtazama Mwalimu, nikamkuta dereva yule amekaa kando ya kitanda. Ni kijana mwenye mke na watoto, mfanyabiashara wa mazao. Alikuwa akisema maneno yale yale tena na tena: "Mzee, nisamehe. Sikukuona. Wallahi sikukuona." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Najua, mwanangu, hukuniona. Mimi nilikuona tangu mbali. Taa zako zilinimulikia njia yote mbele yangu. Nikasema moyoni, kwa mwanga huu wote, atakosaje kuniona?"

Maneno hayo ya Mwalimu sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Baada ya hapo parokia yetu iligawanyika, si kwa ugomvi bali kwa mawazo. Wengine walisema kosa ni la dereva: mwenye gari ndiye mwenye nguvu ya kuua, basi ni juu yake kutazama. Wengine walisema kosa ni la Mwalimu, ingawa walisema kwa sauti ya chini kwa kumheshimu: mtu aendaye gizani bila taa, amevaa nguo nyeusi, amejitafutia mwenyewe. Je, yupi kati yao alikuwa na haki? Wajibu ni wa anayetazama, au ni wa anayetazamwa?

Tuanze na wale wa kwanza. Wana ukweli mkubwa. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kila sekunde. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinakadiria kwamba gari la mwendo huo, breki zake zikiwa nzima na barabara kavu, litahitaji mita 53 mpaka lisimame. Usiku, taa zikiwa zimeinamishwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi huweza kutokea machoni pa dereva akiwa karibu kuliko hapo. Maana yake ni nini? Ni kwamba dereva yule, siku anapokutana na mtu wa namna hiyo, amekwisha kumgonga kabla hajamwona. Mguu wake utafika kwenye breki, lakini gari halitasimama kwa wakati. Kwa hiyo neno "sikumwona" haliwezi kuwa utetezi kamili. Asiyeona hana ruhusa ya kwenda kana kwamba anaona. Na yule aliyepofushwa na taa za mwenzake anapaswa kupunguza mwendo, wala asisogee mahali asipopajua. Mahali asipopajua panaweza kuwa na mtoto wa mtu.

Swali hili si letu peke yetu, wala si jipya. Waingereza walilibishania miaka mingi. Kati ya zile vita kuu mbili, chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa nchi ile, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilipinga kabisa kulazimishwa kufunga taa ya nyuma. Hoja yao haikuwa ya uvivu. Walisema hivi: tukikubali kwamba ni juu yetu kujionyesha, basi siku tutakapogongwa tutaambiwa tumejigonga wenyewe. Mzigo utatoka begani kwa mwenye nguvu, uwekwe begani kwa mnyonge. Kwa muda sheria iliwasikiliza. Ile ya mwaka 1927 iliwaruhusu kutumia kioo chekundu badala ya taa.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1939. Kwa kuogopa ndege za adui, serikali iliamuru nchi nzima izime au kufunika taa zake usiku. Hata taa za magari zilifunikwa, zikabakiwa na mwanga kidogo tu. Hapo watu waliona kwa macho yao giza ni kitu gani. Petroli ilikuwa ya mgawo, magari yalipungua barabarani, lakini vifo viliongezeka. Mwaka 1941 watu 9,169 walikufa barabarani katika Uingereza, nao ndio mwaka uliokuwa na vifo vingi kuliko yote katika historia ya barabara zao. Watu wakajifunza upesi. Walipaka rangi nyeupe kingo za barabara na mashina ya miti. Waliambiwa wavae au washike kitu cheupe. Wako wanaume walioacha mashati yao yaning'inie nje nyuma, na wakulima waliowapaka ng'ombe wao mistari myeupe. Siku hizi sheria ya Uingereza inadai baiskeli ya usiku iwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na kioo chekundu pia.

Nakumbuka habari hiyo, kwa sababu inatuonyesha pande zote mbili. Wale waendesha baiskeli hawakukosea waliposema kwamba dereva ana wajibu. Lakini giza halikujali hoja yao. Mtu aweza kuwa na haki yote, tena akazikwa nayo.

Sasa twende kwa wale wa pili, waliosema kosa ni la Mwalimu. Nao wana ukweli, ila ni ukweli wa kushikwa kwa uangalifu. Ni rahisi sana kumlaumu aliyelala kitandani. Mtu mwenye gari humwambia mwenye baiskeli, "Kwa nini hununui taa?" bila kuuliza kama aliyeambiwa amenunua unga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni watu wasio na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hao ndio walio dhaifu barabarani. Mkristo anayeanza kwa kuwahesabia makosa wao kwanza, na aogope.

Hata hivyo, tuulize: kwa nini Mwalimu, mtu mwenye akili na mcha Mungu, hakukifuta hata kile kioo cha nyuma? Kukifuta hakukudai senti. Jibu lilikuwa katika maneno yake mwenyewe: alidhani anaonekana. Si yeye tu. Wataalamu waliowapima watu usiku wameona mara kwa mara kwamba mtu aliye barabarani hujidhania anaonekana kutoka mbali zaidi kuliko ilivyo kweli. Na sababu ni nyepesi kuielewa. Yeye anaziona taa za gari wazi, tena zinang'aa. Zinamwagika mbele yake mpaka aona kila jiwe. Basi moyo wake humwambia: mimi namwona, naye ananiona. Kumbe dereva yuko nyuma ya taa, mbele yake kuna giza, vumbi, kioo chenye mikwaruzo na lori linalompofusha.

Hapa pana jambo la kutafakari hata mbali na barabara. Kila mtu anajijua kutoka ndani. Najua nina haraka, najua nina homa, najua nina huzuni. Kwa hiyo nadhani na mwenzangu ajua. Mume hudhani mkewe anaona uchovu wake, na mke hudhani vivyo hivyo. Mgeni kanisani hudhani wote wanaona kwamba ni mgeni, nasi hatumwoni. Wahenga walikwisha kutucheka kwa mfano wa nyani, kwamba hajioni nyuma. Ili nijue kama naonekana, hainipasi kujitazama mimi. Yanipasa nitoke nikakae kwenye kiti cha mwenzangu, nitazame kwa macho yake. Na kukaa kwenye kiti cha mwenzako ndiyo kazi ya upendo.

Ndipo ninapofika kwenye swali la kichwa cha habari. Taa ya mbele ya baiskeli ni ya mwenye baiskeli, maana humsaidia kuona mashimo. Lakini taa ya nyuma ni ya nani? Mwenye baiskeli haimwangazii kitu. Na kioo chekundu ni zaidi ya hapo. Hakina moto wake chenyewe. Kimechongwa ndani kwa vipembe vidogo vidogo, hata mwanga ukiingia hugeuzwa na kurudi kule kule ulikotoka. Kwa hiyo kinawaka kwa macho ya yule tu mwenye taa, naye ni dereva. Aliyesimama kando haoni kitu, na mwenye baiskeli anaweza kukimiliki miaka ishirini asikione kikiwaka nyuma yake hata usiku mmoja. Ni kitu alichokifunga kwenye chombo chake kwa ajili ya mtu mwingine, mtu asiyemjua jina, anayetoka nyuma.

Huenda mtu akasema, "La, nakifunga kwa ajili yangu, nisife." Ni kweli, tena si vibaya, uhai ni zawadi ya Mungu, haupaswi kutupwa. Lakini mkumbuke kijana yule pale hospitali. Mwalimu alivunjika paja, nalo limeunga. Kijana hakuvunjika kitu, lakini mpaka leo haendeshi gari jua likizama, na mkewe alituambia kwamba usiku huamka akipiga kelele. Kama Mwalimu angalikufa, kijana yule angalibeba damu ya mtu mpaka kaburini, naye hakutoka nyumbani kwake kwa nia ya kumdhuru mtu yeyote. Mwenye baiskeli anayejionyesha hajilindi yeye tu. Anamlinda mwenzake asije akawa mwuaji.

Sheria ya Musa ililifahamu jambo hili zamani sana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mtu ajengaye nyumba anaagizwa aweke ukuta mfupi pembeni mwa dari yake. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa juu, na watu walipanda huko kupumzika na hata kusali, kama Mtume Petro alivyofanya Yafa. Mtu akianguka kutoka dari isiyo na ukuta, damu inahesabiwa juu ya nyumba. Angalieni: nyumba ni yake, dari ni yake, naye hakumsukuma mtu. Hata hivyo Mungu anamwuliza, kwa sababu angeweza kuona hatari mapema, akaiacha. Mungu hatuulizi tu, "Umemfanyia nini mwenzako?" Anauliza pia, "Umemwachia nini mahali apitapo?"

Lakini liko pingamizi moja ambalo mama mmoja wa Umoja wa Mama aliniuliza, nami naona linastahili jibu. Alisema, "Bwana wetu si alituonya tusifanye mambo ili tuonekane na watu? Mbona leo watufundisha kuonekana?" Ni kweli, Bwana alionya hivyo juu ya sadaka, sala na kufunga. Lakini Bwana yule yule alisema taa haiwashwi ikafunikwa na pishi. Tofauti iko katika kuuliza: naonekana kwa faida ya nani? Mnafiki alisali njiani ili watu wampe kitu, yaani sifa. Aliyewasha taa ya nyuma hataki kupewa kitu. Anampa mwenzake kitu, yaani nafasi ya kutenda mema. Dereva akikiona kile chekundu hamsifu mtu. Anapunguza mwendo tu, anapita. Hajui hata ni nani.

Basi, tukirudi kwenye yale mawazo mawili, nadhani yalikosea mahali pamoja. Yote mawili yalidhani kwamba wajibu ni kama mkate: tukimkatia dereva kipande kikubwa, Mwalimu atabakiwa na kidogo. Sivyo. Dereva ana wajibu wake mzima, kana kwamba baiskeli zote hazina taa. Na mwenye baiskeli ana wajibu wake mzima, kana kwamba madereva wote wamepofuka. Kosa la mmoja halipunguzi deni la mwingine. Dereva asiseme, "Hakuwa na taa," wala mwenye baiskeli asiseme, "Ni juu yake kutazama." Kila mmoja akishika neno la mwenzake kama kinga, hapo ndipo mtu hufa.

Tena katika mabishano yale yote kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja. Leo najitaja mwenyewe. Nilimzuia Mwalimu alipoomba kuondoka mapema. Nilijua njia yake. Niliona kioo kichafu, niliona koti jeusi, na tochi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na mwanga nisiouhitaji, nikamwombea safari njema. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Mimi sikusema hivyo. Nilisema neno la baraka. Lakini nikilipima neno langu na tendo langu, naona sikuwa mbali sana na Kaini.

Tunasoma mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25, na jinsi wale wenye busara walivyokataa kugawa mafuta yao. Zamani niliuelewa kana kwamba kila mtu ajitafutie mwanga wake. Lakini mafuta yale yasingaliwatosha wote. Tochi yangu ingalimtosha Mwalimu, na mimi nisingalikosa kitu. Tusiutumie mfano wa Bwana kufunika uchoyo wetu.

Wapo watu wengi wa tatu kama mimi. Ni tajiri anayemwachia kibarua saa 1 usiku, akijua anakaa mbali. Ni mwalimu wa kwaya anayesema, "Turudie wimbo mara moja tena." Ni mzazi anayemtuma mtoto dukani kwa baiskeli wakati wa magharibi. Nchi yetu iko karibu na ikweta, na machweo yetu ni mafupi. Huko Ulaya, wakati wa kiangazi, jua huzama na mwanga hukawia. Kwetu, baada ya dakika ishirini na kitu tu ni usiku. Mtu aliyeondoka kukiwa bado na mwanga hufikiwa na giza njiani. Kwa hiyo anayempangia mwenzake saa ya kuondoka amempangia pia giza atakalokutana nalo.

Tukiisha kufikiri hivyo, tutende nini? Nitataja machache ambayo hayadai fedha nyingi.

Kwanza, kifute kioo chako cha nyuma. Kioo kilichofunikwa tope ni sawa na kisichokuwapo. Kama mzigo wa keria unakifunika, kihamishie kwenye madigadi chini zaidi, au funga kingine nyuma ya mzigo. Dinamo ni nzuri, lakini kumbuka kwamba gurudumu likisimama, taa nayo huzimika. Kwa hiyo hata mwenye dinamo anahitaji kioo. Zile taa ndogo nyekundu za betri, zinazouzwa siku hizi kwa bei nafuu, huendelea kuwaka ukiwa umesimama.

Pili, nguo. Nguo nyeupe ni afadhali kuliko nyeusi, lakini haitoshi. Vile vizibao vya rangi ya manjano kali wanavyovaa waendesha bodaboda, ule umanjano wake husaidia mchana na wakati wa machweo. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari ya rangi ya fedha, inayorudisha mwanga kama kioo. Ukipata utepe wa namna hiyo, ubandike kwenye pedeli au ujifunge vifundo vya miguu. Imeonekana kwamba utepe wa vifundoni humtambulisha mtu upesi, kwa kuwa miguu hupanda na kushuka, na dereva hujua mara moja kwamba huyo ni mtu na si jiwe wala nguzo.

Tatu, magari mawili yakikutana, moja nyuma yako na moja mbele yako, hapo pana hatari kubwa kuliko zote. Usishindane. Toka barabarani, shuka, ngoja yapite. Dakika moja haijamfukuza mtu kazi.

Nne, wenye magari. Inamisheni taa zenu mnapokutana na mtu, hata kama ni mwenye baiskeli, maana naye ana macho. Mkipofushwa, punguzeni mwendo kabla ya jambo lingine lolote.

Tano, na hili ni letu sote katika kanisa. Halmashauri ya parokia imekubali kwamba mikutano ya alasiri itafungwa kwa sala saa 11 kamili, hata kama neno la mwisho halijasemwa. Viti vinaweza kungoja. Na katika sakristia tumeweka sanduku lenye tepe za kurudisha mwanga na tochi mbili. Mwenye kwenda mbali achukue, asione haya, arudishe Jumapili inayofuata.

Mwalimu sasa anatembea kwa fimbo. Kwa miezi minane mtaa wake ulikuwa ukisali bila yeye, na watoto wawili waliokuwa wakijiandaa kwa Kipaimara waliacha, mmoja hajarudi. Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwake nikamweleza habari ya ile tochi, maana yeye hakuwa ameiona. Nilisema, "Mwalimu, nilikuwa nayo mkononi. Sikuwa na haja nayo. Naomba unisamehe." Alinyamaza kidogo, akatazama nje kwenye uwanja, mahali baiskeli yake inapoegemezwa ukutani. Kisha akasema, "Ningalikurudishia Jumapili."

Alinisamehe, nami namshukuru Mungu. Lakini kila jioni nikiona mtu anafunga mzigo wake kwenye keria, nakumbuka jibu lile, nami naenda kukitazama kioo chake cha nyuma. Nawaombeni nanyi mfanye vivyo hivyo.

Mungu awalinde njiani, mchana na usiku.